Mwavuli wa Kijivu

Jumatatu, 1 Oktoba 2007

Habari mbaya na habari nzuri, zote kwa siku moja. Mwalimu Nagase anarudi kwao Japani tarehe 10 Novemba. Miaka ishirini na miwili amefundisha mambo ya udongo kule chuoni Njoro, sasa amestaafu, binti yake anamtaka nyumbani. Hiyo ndiyo mbaya. Nzuri ni kwamba filamu zake hazipandi ndege.

Filamu 112! Kanda za video na DVD. Zote za Kijapani, zote za zamani, zimejaa samurai na wajane na mvua isiyokatika. Alitutangazia jana kwa Gurdial, baada ya chai. Hataki kuziuza. Hataki kuzigawa. Zitaenda kwa mtu mmoja, zikae pamoja. Mtu huyo ni mimi au Gurdial Singh. Hakuna mwingine Nakuru nzima anayekusanya vitu hivi. Nimeuliza.

Hesabu ya leo: Gurdial 44, mimi 43. Moja tu! Na yeye amezipataje? Binti yake Ritu yuko Leicester, Uingereza, anamtumia kila mwezi kama dawa ya presha. Mimi sina mtu Leicester. Mimi nilianza mwaka wa 1994, nikiwa juu ya paa la Mwalimu, narekebisha mfereji. Mvua ikaninyeshea. Akaniita ndani nijikinge. Ndani palikuwa na filamu. Sikuondoka mpaka ikaisha. Mfereji niliumaliza kesho yake. Tangu hapo kila kanda nimeitafuta kwa jasho langu, kwenye minada na kwa Wajapani wa kujitolea wanaofunga mizigo. Leo nina duka la mabati na tangi za maji hapa Free Area, na rafu ya filamu nimeipigilia misumari mwenyewe. Gurdial anauza vipuri vya trekta katika duka aliloachiwa na babake. Hata kiti anachokalia aliachiwa.

Masharti ni haya. Jumamosi tarehe 20, Siku ya Kenyatta, saa tisa, kwa Gurdial kama kawaida. Kila mmoja achague filamu anayoipenda kuliko zote na aeleze kwa nini. Mwalimu atasikiliza, kisha ataamua. Niliuliza kwa nini tusikutane kwangu kwa mara ya kwanza. Gurdial akadakia, eti Bwana Wanyoike, kwako tutakalia nini, tangi? Watu wakacheka. Watu ni Bhagwanti, mkewe. Ni mtu mmoja lakini alicheka kama kumi.

Jumatano, 3 Oktoba

Nimechagua. Haikuwa kazi. Ni *Mwavuli wa Mjane*, kanda niliyopewa na Mwalimu mwenyewe mwaka ule wa mfereji. Nimeitazama mara 61. Kila nikiitazama napiga mstari nyuma ya kava, kwa hivyo hakuna ubishi.

Kijapani sikijui. Hadithi nusu nilisimuliwa na Mwalimu, nusu nimejijazia. Mjane anamkimbia adui aliyemuua mumewe. Ana mtoto mdogo. Siku ya theluji anamwacha mtoto kwa mwanamke mzee, amvushe kwa njia ya msituni, kisha yeye anapita darajani. Wanawake arobaini wanavuka daraja hilo, kila mmoja na mwavuli. Adui yuko ng'ambo ya bonde, mbali kabisa, kama kutoka hapa hadi juu ya mlima wa Menengai. Anatazama. Anamtambua palepale! Anashuka mbio. Mtoto anapona. Mjane haponi.

Theluji nyeupe, miavuli arobaini ya kijivu. Kijivu juu ya nyeupe. Huzuni tupu! Nimeandaa hotuba ya dakika 12 kuhusu hicho kijivu. Gurdial hawezi kuzungumza dakika 12 juu ya kitu chochote kisicho na injini.

Mke wangu Wariara hushona sare za shule papo hapo sebuleni, cherehani ikitazama TV. Kwa hivyo ameziona filamu zote 43 bila kuziomba. Leo ameniuliza tena swali lake la miaka kumi na mitatu. Eti Baba Wachuka, huyo adui alimjuaje mjane kati ya miavuli arobaini inayofanana? Nikamjibu tena kwamba samurai wana macho makali. Wanakula samaki. Akasema Naivasha pia watu wanakula samaki na hawajawahi kumtambua mtu ng'ambo ya ziwa. Akasema mwavuli ule una neno, mwanamke hatoki nyumbani siku kama hiyo na kitu ambacho hakukichagua. Nikamwambia haya si mambo ya kushona. Akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka sikusikia maneno ya mjane akikata roho. Siyaelewi, lakini napenda kuyasikia.

Kabla ya kulala nimegundua kwamba filamu yangu moja ndefu iko kwenye kanda mbili. Hizo ni mbili! Gurdial 44, mimi 44. Sare.

Jumamosi, 6 Oktoba

Nimepeleleza. Nilienda dukani kwa Gurdial nikajifanya nataka mkanda wa feni wa trekta. Akauliza, Bwana Wanyoike, trekta umenunua lini? Nikasema ni ya mteja wangu. Akauliza ni ya aina gani. Nikasema ya bluu. Akanifungia mkanda mmoja.

Juu ya kaunta palikuwa na kifurushi kimefunguliwa. Stempu za malkia. Ritu! Nikanyoosha shingo. DVD mpya. *Mwavuli wa Mjane*!

Filamu YANGU. Mtu ana filamu 44 na binti mzima Leicester, na bado anataka ile moja ninayoipenda. Nilitaka kumpiga kwa mkanda wa feni.

Halafu nikaona kava. Mwavuli ulikuwa mwekundu. Mwekundu kama gari la zimamoto!

Karibu nipige kelele kwa furaha. Filamu hii ni ya mwaka wa 1956, imeandikwa kwenye kanda yangu. Mwaka wa 1956 rangi ilikuwa wapi? Picha zote za babangu za miaka ile ni nyeusi na nyeupe. Harusi yake yenyewe ni nyeusi na nyeupe. Ritu ameuziwa filamu ya bandia, iliyopakwa rangi na matapeli, na Gurdial ataileta mbele ya Mwalimu kifua mbele.

Nilibeba mkanda wangu, nikaaga kwa heshima.

Jumatatu, 8 Oktoba

Nimepita kwa Hezekiah, fundi wa redio na TV, kutafuta ushahidi. Nimemuuliza kama mtu anaweza kupaka rangi filamu ya zamani. Akasema siku hizi ukiwa na kompyuta unafanya lolote. Hilo lilinitosha.

Lakini fundi hajui kunyamaza. Akauliza, mzee, kwani hizo zako zinatoa rangi gani? Kijivu. Zote? Zote 43. Nilisahau kusema 44. Akaweka bisibisi chini. Akaanza kunieleza kwamba kanda za Japani zimerekodiwa kwa mfumo wao, TV yangu ni ya mfumo wetu, na mifumo hiyo haisikizani. Picha inaweza kupita lakini rangi isipite. Huenda baadhi ya zile zangu zina rangi na sijawahi kuiona. Eti ana TV moja inayokubali mifumo yote, ailete nyumbani tujaribu.

Nikamjua mara moja. Anauza TV! Niko kwenye biashara mwaka wa kumi na tisa. Nikitaka kumuuzia mtu mabati, na mimi humwambia nimeona paa lake likiwa na kasoro. Nikaondoka kabla hajamaliza. Akanipigia kelele kutoka mlangoni, mzee, kujaribu ni bure! Na mimi nimeyasema hayo hayo kwa wateja mara ngapi?

Jumatano, 10 Oktoba. Siku ya Moi.

Duka limefungwa. Malori ya kampeni yanapita tangu asubuhi, vipaza sauti vikituahidi barabara. Nimejaza pamba masikioni nikaandika barua kwa Mwalimu. Kurasa tatu. Nimemfahamisha kwa masikitiko kwamba mmoja wetu anakusudia kumwonyesha filamu ya bandia. Nimetaja mwaka wa 1956. Nimetaja harusi ya babangu. Nimemalizia hivi: "Mtu asiyejua tofauti ya mwavuli halisi na mwavuli uliopakwa rangi hafai kuachiwa filamu 112, wala hata moja." Nzuri sana. Niliisoma kwa sauti mara mbili.

Nikampa Wariara asahihishe herufi. Alisoma ukurasa mmoja na nusu, akaiweka juu ya sketi za watoto, akaniuliza kama nimewahi kufikiri kwamba labda mwavuli ni mwekundu kweli. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamweleza tofauti ya mshonaji na mtaalamu. Akauliza tofauti yenyewe ni gani. Nikamwambia ni mara 61. Akasema hata yeye ameitazama mara 61, tena akifanya kazi.

Barua nimeipeleka mwenyewe mpaka kwake Milimani. Askari wa geti aliipokea kwa mikono miwili. Dalili njema.

Jumatatu, 15 Oktoba

Mwalimu amenipigia simu! Amesoma barua. Amesema jambo hili ni zito, halifai kusemwa pembeni, kwa hivyo ataisoma mbele ya wote siku yenyewe. Mbele ya wote! Sikutarajia bahati kama hiyo. Kisha akauliza kama nitamleta mke wangu. Eti miaka kumi na mitatu anamsikia tu. Nikasema Wariara hana habari na filamu. Akasema mlete hivyo hivyo.

Wariara amekubali upesi mno. Anataka kuiona TV ya Gurdial, ile pana. Nilidhani mtu wa nyumbani kwangu angekuwa upande wa TV yangu.

Jioni Gurdial naye akapiga. Bwana Wanyoike, umechagua filamu? Nikasema ni siri. Akasema na yake ni siri. Akacheka. Nikacheka. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka.

Jumamosi, 20 Oktoba

Saa moja jioni. Tumerudi sasa hivi.

Tulifika saa tisa kasorobo. Mimi na suti, Wariara na gauni alilojishonea. Bhagwanti alileta kachori na chai ya tangawizi. Mwalimu akatoa barua yangu akaisoma, polepole, kwa Kiswahili chake kisicho na mkunjo. Alisoma yote, pamoja na harusi. Gurdial alikuwa ametoa macho. Nilijiona nimeshazibeba zile 112.

Mwalimu akakunja barua akasema, sasa tuitazame. DVD ikaingia.

Theluji. Bonde. Daraja. Miavuli arobaini. Mingine ya kahawia, mingine ya bluu iliyofifia, mingine ya rangi ya majani makavu. Halafu mmoja mwekundu, katikati, ukitembea peke yake.

Nikasimama. Nikasema mnaona walivyopaka! Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa analia, tena anatabasamu. Akaniuliza kwa upole, Bwana Wanyoike, kwenye kanda niliyokupa mimi, mwavuli huu ni wa rangi gani?

Nikasema kijivu.

Akafumba macho. Akaeleza kwamba filamu hii ilikuwa na rangi tangu siku ya kwanza. Alikuwa na miaka kumi na mitano, akapanga foleni na mamake kwenye baridi, na watu wote kwenye foleni walikuja kuona huo wekundu. Kisha akaniomba msamaha. Mimi! Eti kosa ni lake, alinipa kanda bila kuniuliza nina TV gani. Heri angenitukana.

Gurdial hakungoja. Bwana Wanyoike, miaka kumi na mitatu umekuwa ukiangalia theluji tu? Bhagwanti alicheka kama ishirini.

Bado nilikuwa na hotuba. Dakika 12 haziwezi kutupwa. Nilianza, "Kijivu ndicho kilio cha..." nikafika dakika ya pili, nikakaa. Gurdial akasimama. Alizungumza dakika nne. Mbili zilikuwa za Ritu, moja ya upana wa TV, na moja ya kuuliza nani ameongezwa chai. Hotuba mbovu! Nafuu kidogo.

Halafu Wariara. Hakuwa amegusa kachori yake. Akasema, kama anaongea peke yake, sasa imesimama. Mwalimu akauliza nini imesimama. Akasema hadithi, sasa ina miguu yake. Akasema yule mama hakujificha. Alitaka kuonekana. Alichukua mwavuli wa rangi inayopiga kelele ili yule adui amtazame yeye, asitazame msituni mtoto anakopita. Akasema alijua tangu mwanzo haukuwa wa kijivu, kwa sababu mama mwenye mtoto hawezi kwenda darajani na mwavuli kama wa wengine. Alibahatisha nyekundu. Ndicho kitambaa ambacho yeye angekikata, kama ingekuwa ni Wachuka, mtoto wetu, huko msituni.

Hata Bhagwanti hakucheka.

Mwalimu akauliza, umeitazama mara ngapi, Mama Wachuka? Akasema hajui, mwenye kuhesabu ni Baba Wachuka. Mwalimu akamshika mkono, hakuuachilia mpaka tulipoondoka.

Kwa jumla si vibaya. Barua imeharibika, nakubali. Lakini Gurdial alikuwa mbovu, na yule aliyesema vizuri ni wa nyumba yangu. Natoa makadirio: mimi asilimia 60, Gurdial 40.

Jumamosi, 27 Oktoba

Saa nne asubuhi pikapu kutoka Milimani imesimama mlangoni. Masanduku sita. Mwalimu mwenyewe mbele, na kofia.

Nimeshinda!!! Nilimpigia Gurdial kabla sanduku la kwanza halijashuka. Nikamsomea hesabu: 43 na 112 ni 155. Alinyamaza. Sijawahi kusikia kimya kitamu kama hicho. Nikakimbia kufuta rafu vumbi.

Niliporudi, Mwalimu alinipita na orodha yake mkononi akamuuliza Wariara angependa zikae wapi.

Wariara!

Nilidhani anauliza mambo ya usafi. Hapana. Jina lake liko juu ya orodha, kwa Kiswahili na kwa Kijapani. Zote 112. Zikae pamoja, na yeyote atakayeomba vizuri aazimwe. Wariara alilia, Mwalimu akalia, dereva naye akapangusa jicho. Mimi nilisimama na kitambaa cha vumbi.

Saa nane Gurdial akafika na Bhagwanti na kachori. Nilimpigia simu kumringia, naye amekuja kuazima! Wariara ameshafungua daftari. Mwazimaji wa kwanza: Gurdial Singh, filamu tatu. Akanipiga begani. Pole, Bwana Wanyoike, sasa mimi na wewe wote ni maskini.

Hesabu ya leo: Wariara 112, Gurdial 44, mimi 43. Ile ya kanda mbili Wariara amekataa kuihesabu mara mbili. Nakuru mimi ni wa tatu. Kwenye sebule yangu mwenyewe ni wa pili, na tuko wawili.

Jumatano, 7 Novemba

Hezekiah ameleta TV ya mifumo yote. Nimetia *Mwavuli wa Mjane*, kanda yangu ile ile. Mwekundu. Haya. Mimi si mtu wa kukataa ukweli ukiwa mbele ya macho. Nimejifunza: filamu ina rangi yake, na kama huioni, kuna kitu kimeharibika mahali.

Na leo nimekiona kilichoharibika!

Wariara ameweka ile aliyoipenda kuliko zote 112, ya mwaka wa 1937, ya mzee anayeuza taa mtaa kwa mtaa. Nikavuta kiti karibu. Nikatazama kwa makini, dakika 94, mwanzo mpaka mwisho. Nyeusi na nyeupe. Hakuna rangi hata tone! TV ni mpya, ya mifumo yote. Ni DVD, si kanda. Mwalimu aliitunza miaka yote, hawezi kuwa aliileta hivyo. Kwa hivyo rangi imepotelea humu ndani, kwa siku kumi na moja tu.

Nimetafuta chanzo nikakipata. Pasi ya makaa! Anapiga sare pasi mita moja na robo kutoka kwenye rafu, nimepima kwa futi ya chuma. Joto na moshi, siku nzima. Rangi gani itastahimili?

Nilimwambia kwa upole. Akaweka kichwa juu ya cherehani akacheka mpaka mabega yakatikisika. Anacheka, na ndiye aliyekabidhiwa filamu 112!

Mwalimu anaruka Jumamosi. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye geti lake Milimani, na suti, na hiyo DVD, ajionee mwenyewe kabla hajaondoka. Nimempigia Gurdial awe shahidi. Aliniomba nirudie maelezo mara mbili, hasa ya pasi. Kisha akasema hawezi kukosa, hata kama duka litafungwa kutwa, na Bhagwanti anakuja pia.

Hatimaye nimepata watu wanaolichukulia jambo hili kwa uzito.